Nafasi ya Mpiga Zumari

Salimu Kheri alikutwa amekufa ndani ya lori la jokofu, katika bandari moja ya Ubelgiji. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu. Viza iliyobandikwa kwenye pasipoti yake ilikuwa ya wasanii, ya kazi ya muda, na ilieleza kwamba amekwenda kupiga zumari katika kikundi cha ngoma ya sengenya kutoka Msambweni. Lori lilikuwa na karoti zilizogandishwa. Lilikuwa linangoja kupanda meli ya kwenda Uingereza.

Inspekta Nzai alimsomea Sajini Hannah Tembo maelezo hayo bila kuinua uso. Alipomaliza aliisukuma karatasi upande wa pili wa meza.

"Wabelgiji waliowaalika wanataka barua yetu," alisema. "Wana bima. Bima inarudisha maiti ya msanii mpaka kwao. Msanii, si mtu mwingine. Kama kijana alikuwa mpiga zumari kweli, anakuja nyumbani kwa ndege. Kama alipenyezwa, watamzika huko huko."

"Familia haiwezi kumleta yenyewe?"

"Babake anakata mawe machimboni. Wewe unaonaje?"

Hannah aliikunja karatasi akaitia mfukoni. Alikuwa na miaka kumi na tisa kazini, kumi kati ya hiyo katika upelelezi. Aliwahi kupeleka habari za vifo kwenye nyumba nyingi za upande huu wa pwani na hakuna aliyewahi kumwona analia.

"Yule wakala wa Ukunda yuko ndani tangu juzi," Nzai aliendelea. "Samuel. Yeye ndiye anayeuza nafasi kwenye vikundi. Nenda ukamkamue. Nataka jina lake kwenye hiyo barua."

"Na kama si yeye?"

"Atakuwa nani mwingine?"

Samuel aliletwa kutoka mahabusu akiwa hana viatu wala mkanda. Alikuwa mtu wa bara, mnene, aliyefungua ofisi Ukunda juu ya duka la dawa. Ubaoni alikuwa ameandika kwamba anasafirisha wanasarakasi, wanamuziki na wapishi. Alikaa bila kuambiwa akae.

"Madam, umekula?"

"Nimekula."

"Mi sijakula. Chai ya hapa ni maji waliyooshea sufuria."

"Salimu Kheri."

"Simjui."

"Watu wa Ukunda wanasema anayetaka kwenda ng'ambo na ngoma anapitia kwako."

"Watu wa Ukunda pia wanasema mi ni frimasoni. Ungeniona hapa kama ningekuwa frimasoni?"

Hannah hakucheka. Alifungua faili akamwonyesha picha ya pasipoti ya Salimu. Samuel aliiangalia vizuri, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akairudisha mezani.

"Mtoto mdogo," alisema. "Hapana. Huyu hakupita kwangu."

"Umewahi kumpenyeza mtu kwenye kikundi?"

"Nikijibu unaandika?"

"Naandika."

"Basi sijawahi." Samuel alijikuna shingo. "Lakini tuseme kuna mtu anafanya hiyo kazi. Tuseme tu. Huyo mtu anamweka mteja wapi? Anamweka nyuma. Anamfunga njuga miguuni, anamwambia wenzako wakiruka, ruka. Ama anampa upatu agonge. Watu wa ubalozi wataona nini? Wanaona watu wanaruka. Sasa wewe niambie, ni fala gani anamchukua mtu hajui kitu anampatia zumari? Zumari ni moja, madam. Kila mtu anaisikia."

"Kwa hiyo Salimu alijua kupiga."

"Sijasema hivyo." Samuel aliinama mbele. "Nasema kama hakujua, basi aliyemweka pale hakuwa na nafasi ingine ya kupeana. Angekuwa na ingine angempatia hiyo."

Hannah aliyaandika maneno hayo kama yalivyosemwa. Kisha alimwambia askari amtafutie Samuel chapati.

Nyumba ya Maimuna Waziri ilikuwa Msambweni, nyuma ya soko. Maimuna ndiye aliyekiongoza kikundi. Alikuwa uani akimenya mihogo ya kukaanga jioni, na msichana mmoja mrefu alikuwa amechuchumaa karibu naye akiikata. Ngoma za kikundi zilikuwa zimepangwa ukutani, zimefunikwa kwa mkeka. Ua ulikuwa wa makuti, mrefu kuliko mtu.

"Hodi."

"Karibu."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kiti. Esha, mpe afande kigoda."

"Poleni kwa msiba."

"Tumeshapoa. Ni kazi ya Mungu."

Esha alikuwa binti wa kaka yake Maimuna, na alikuwa miongoni mwa waliosafiri. Alifuta kigoda kwa upindo wa leso akakisogeza. Hannah alikaa, akaanza kuuliza mambo ambayo tayari alikuwa anayajua, ili asikie yanavyosemwa.

Maimuna alijibu yote. Wabelgiji wale walikuja Kwale mwaka uliopita na vinanda vyao vya kuvuta, wakapiga uwanjani, wakala pilau. Mpango ulikuwa wa kubadilishana tamaduni: wao waje, nasi twende. Viza ilikuwa ya wiki sita, ya watu wanane. Ubalozi ulitaka video ya kikundi kizima kikicheza, kila mtu aonekane na kazi yake. Waliipiga hapa hapa uani.

"Zumari alipiga nani?"

"Salimu."

"Alianza lini?"

"Tangu mtoto. Babake ni Kheri Shutu. Toka Tiwi mpaka Vanga hakuna harusi ambayo Kheri hajapiga. Mtoto wa Kheri unamwuliza kama anajua zumari?"

"Na Kheri mwenyewe hakualikwa?"

Maimuna alimenya muhogo mzima kabla ya kujibu. "Alialikwa. Wale wageni walimtaka yeye. Akasema baridi ya huko haiwezi, ana kifua."

"Zumari iko wapi?"

"Ilirudi na mizigo yetu."

Ililetwa imefungwa ndani ya kanga. Hannah aliishika kwa ncha za vidole, kama anavyoshika kila kitu kinachoweza kuwa kielelezo. Kijiti cheusi, pembe ya mbao chini, na juu ule ulimi wa jani lililokunjwa ambao mpigaji huutia kinywani. Aliuangalia ulimi. Ulikuwa mkavu, umenyooka, rangi moja toka mwanzo hadi mwisho.

"Hiki kilimi hubadilishwa?"

"Kikilowa sana kinachanika," Esha alisema. "Mwenyewe Kheri kwa harusi moja anamaliza hata vitatu. Anavitafuna kama tambuu."

"Huko mlicheza mara ngapi kabla Salimu hajaondoka?"

"Mara mbili."

"Hiki hakijawahi kuingia mdomoni mwa mtu."

"Labda alitia kipya," Maimuna alisema.

"Labda."

Hannah aliiweka zumari chini, akatoa simu yake. Ile video ya ubalozini alikuwa nayo. Alimwita Esha aje akae karibu, akamwambia kwa sauti ya mtu anayetaka kufundishwa:

"Mimi ni Mduruma wa Kinango, sengenya yenu naijua juu juu. Nieleze. Mnajuaje wakati wa kugeuza mguu?"

Esha alifurahi. Aliweka kisu chini. "Zumari ndiyo inatuambia, afande. Ikivuta hivi," akaziba pua akalia kama zumari, sauti ndefu inayopanda, "ikivuta hivyo tunageuka. Na mpiga chapuo, ile ngoma ndogo, anamtazama mpiga zumari mashavuni. Mashavu yakijaa anajua wito unakuja, naye anakaza mkono. Hata sisi tunamtazama. Usipomtazama utabaki unaruka peke yako kama kuku aliyekatwa kichwa."

"Kila mtu anamtazama mpiga zumari."

"Lazima."

Hannah aliiwasha video. Salimu alikuwa amesimama mbele kabisa, shati jeupe, zumari mdomoni, vidole vinachezacheza. Zumari ilikuwa inalia vizuri. Kabla ya kila mgeuko Hannah aliisimamisha picha. Mara ya kwanza, mpiga chapuo alikuwa anatazama kushoto. Mara ya pili, kushoto tena. Wachezaji wote, shingo zao zilikuwa zimeelekea upande uleule, kwenye ua wa makuti, mahali palipokuwa na upenyo wa upana wa kiganja.

Watu saba, na hapakuwa na hata mmoja aliyemtazama Salimu.

"Hapa, Esha. Kabla hujageuka. Unamtazama nani?"

"Natazama kamera."

"Kamera iko huku. Wewe unatazama kule."

"Esha," Maimuna alisema, "nenda ukatie maji sufuriani."

Esha hakuinuka. Alikuwa anaangalia uso wake mwenyewe kwenye simu.

"Shangazi, si wameshaturudisha? Tunaficha nini tena?"

"Nimekwambia maji."

"Alikuwa anakosea vidole, afande." Esha alicheka kidogo, kisha kicheko kikakatika. "Zumari inapanda, yeye vidole vinashuka. Nusura nianguke kwa kucheka. Tukamwambia, wewe Salimu, unakuna upele au unapiga zumari?"

"Na kule jukwaani mlifanyaje?"

"Ilikuwa imerekodiwa kwenye simu yake. Tukaitia kwenye spika. Wazungu wakapiga makofi, wakasema anapiga bila kuvuta pumzi. Kumbe maskini hakuwa akipuliza hata kidogo."

"Nani alikuwa nyuma ya ua?"

Esha alimgeukia shangazi yake. Maimuna alikuwa ameshika kisu na muhogo, hamenyi.

"Hilo waulize wenye zumari," Esha alisema.

Hannah aliandika maelezo yote, akamsomea, akampa kalamu. Esha alitia sahihi. Maimuna alikataa kutia yake. Alimsindikiza Hannah kwa macho mpaka mlangoni, na alipoinama kuvaa viatu alimwambia:

"Umemzika mtoto wa watu huko ugenini, mwanangu. Unajua hilo?"

"Sijaandika barua bado."

"Utaandika."

Nyumbani kwa Kheri alimkuta Mwanarusi, mama wa Salimu, amekaa mkekani na wanawake wawili wa jirani. Alikuwa amevaa leso nyeupe. Hakuuliza mgeni ni nani. Aliiona sare ya askari aliyemsindikiza Hannah, akauliza jambo moja tu.

"Anakuja lini?"

"Bado tunashughulika, mama."

"Sanda iko tayari. Nimemwambia Kheri awaambie vijana wasichimbe kwanza, mvua itajaza shimo. Wachimbe akifika Mombasa."

"Mzee yuko wapi?"

"Kazini. Akikaa hapa anaumwa."

Machimbo yalikuwa nyuma ya mashamba ya minazi, shimo jeupe la mraba lililoshuka futi kumi chini, na wanaume wanne ndani yake wakikata mawe ya kujengea kwa shoka na mtaimbo. Vumbi lilikuwa limewageuza wote rangi moja. Kheri Shutu alipanda ngazi polepole. Alikuwa na umri wa kama miaka sitini, mwembamba, lakini mashavu yake yalikuwa yamelegea na kuning'inia pande mbili za mdomo. Alikaa juu ya jiwe, Hannah akakaa juu ya jingine.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Mmeshaandika?"

"Bado. Salimu alikuwa anapiga zumari?"

"Nimewaambia wenzako. Alipiga."

"Ulimfundisha wewe?"

"Nani mwingine?"

Hannah aliiweka simu juu ya jiwe, picha ikiwa imeelekea chini, sauti ikasikika peke yake. Chini shimoni wakataji mawe waliacha kugonga. Mmoja alipiga kofi mara mbili kufuata chapuo, kisha akakumbuka, akaacha.

"Nani huyo anayepiga?" Hannah aliuliza.

"Salimu."

"Nitakueleza nilichonacho, mzee, nawe utaniambia nilipokosea. Wakala wa Ukunda hakumweka Salimu. Angemweka yeye, angemficha nyuma na njuga. Aliyemweka kwenye zumari hakuwa na nafasi nyingine. Zumari iliyorudi kutoka Ubelgiji haijawahi kulowa. Na kwenye picha hii kila mchezaji anamtazama mtu aliye nyuma ya makuti, akisubiri mashavu yake yajae. Wageni walikualika wewe. Nafasi ilikuwa yako."

Kheri alichukua kipande cha jiwe, akakiponda kwa vidole mpaka kikawa unga.

"Kifua changu ni kizima," alisema.

"Najua."

"Alikuwa anapitisha unga wa mahindi mpakani Lunga Lunga kwa pikipiki ya mtu. Pikipiki ikakamatwa, mwenyewe akamdai. Akakaa nyumbani mwaka mzima, haongei na mtu. Ulipokuja mwaliko akaniambia, baba, wewe ukienda utapiga zumari, urudi. Mimi nikienda ni maisha." Alijifuta mikono kwenye kikoi. "Nikaona ni kweli. Mimi ningepiga, nirudi hapa nikate mawe."

"Ulijua atatoroka."

"Ndiyo safari yenyewe."

"Na Maimuna?"

"Nilimwomba. Bila zumari hakuna sengenya, na bila mimi hakuna zumari. Nilimwambia akimkataa Salimu, nami siendi, na kikundi chote kitabaki. Hakuwa na la kufanya."

"Salimu alikupigia simu baada ya kuwaacha wenzake?"

"Alipiga. Akasema, baba, kesho navuka. Nikamwambia avae nguo nzito."

Wale wa shimoni walikuwa wameanza tena kugonga. Kheri alikohoa, akatema pembeni, akasema bila kumtazama:

"Andika alikuwa mpiga zumari."

"Siwezi."

"Ni maneno mawili. Nani anadhurika? Hata yule mtu wa Ukunda utamfungulia."

"Esha ameshatia sahihi. Wengine wataulizwa mmoja mmoja. Waliowaalika wana picha za jukwaani, na simu ya Salimu iko mikononi mwa polisi wa huko, na zumari yako imo ndani. Nikiandika uongo wataujua, na hapo utakuwa na kesi mbili."

"Usingemwuliza Esha, asingesema."

"Angeulizwa na mwingine."

"Mwingine angechelewa," Kheri alisema. "Wewe umefanya haraka. Mwingine angekuja mtoto ameshazikwa."

Hannah alifunga daftari. Alimwambia asitoke Msambweni, aripoti kituoni kila Jumatatu. Kheri alikubali kwa kichwa, akashuka ngazi kurudi kwenye mawe yake.

Barua ilikuwa ya ukurasa mmoja. Inspekta Nzai aliisoma akiwa amesimama.

"Kwa hiyo Samuel hapana."

"Hapana."

"Nimemweka ndani bure?"

"Kwa hili, ndiyo."

Nzai alitia sahihi, akagonga muhuri. "Mzee mwenyewe," alisema. "Mtu na mwanawe. Haya, itume." Akaenda kula.

Bima ilijibu kwa mistari mitatu: marehemu hakuwa msanii kwa mujibu wa mkataba. Mji ule ulimpa eneo la kaburi. Watu wa msikiti wa huko, ambao hawakumjua, walimwosha na kumswalia, na imamu wao akatuma picha moja. Ijumaa hiyo Msambweni iliswaliwa swala ya ghaibu. Safu zilijaa mpaka nje, na mbele yao hapakuwa na jeneza. Hannah alikuwa ng'ambo ya barabara kwenye gari la kazi, kwa sababu Nzai alitaka mtu wa kuangalia kama Kheri atahudhuria. Alihudhuria.

Iliyobaki ni hesabu tu.

Salimu amekufa. Walioendesha lile lori waliachiwa. Walisema hawakujua kama kuna mtu ndani, na hapakuwa na ushahidi mwingine. Viza za wale saba zilifutwa, na kwa miaka mitano hakuna hata mmoja wao atakayepewa nyingine. Mwaliko wa mwaka ujao ulipewa kikundi cha nchi jirani. Kheri na Maimuna walishtakiwa Kwale kwa kutoa maelezo ya uongo ubalozini na wako nje kwa dhamana. Kikundi hakijacheza tena; harusi mbili zilikodi muziki wa mashine. Esha alihama kwa shangazi yake, yuko Kikoneni kwa watu wa mamake. Samuel alifungua ofisi siku ileile aliyotoka.

Mwanarusi aliomba apelekwe akaone kaburi. Kheri alimjibu kwamba kule mtu haendi hivi hivi, lazima awe na viza.